Je, Wajua? Jero ya noti haipo tena

Kwenye magenge ya Chikongola, Mtwara, jero, yaani shilingi 500, ni sarafu tu siku hizi. Benki Kuu ya Tanzania iliitoa mwaka 2014, ikiwa na sura ya Mzee Karume na nyati, kwa sababu noti ya shilingi 500 ilipita mikono mingi ikachakaa upesi. Karatasi na maji ya samaki haviivi chungu kimoja.

Noti hiyo, toleo la 2010, pamoja na noti za 1985 hadi 2003, zilibadilishwa Benki Kuu, yenye tawi hapa Mtwara, na benki za biashara kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Baada ya hapo, si fedha halali. Ukiikuta kwenye kibubu, ni ukumbusho; sarafu iliyolala pembeni yake bado inanunua mihogo.