Mali Ikizuiwa na Mahakama: Njia ya Rufani Nchini Kenya

Likizo ya Desemba iliyopita nilimtembelea baba mdogo huko Busia, upande wa Kenya, nikamkuta ana huzuni. Alikuwa ameuza lori lake na kuziweka fedha benki. Mara akaambiwa kwamba hesabu yake imefungwa kwa amri ya mahakama, kwa kuwa mnunuzi alishukiwa uhalifu. Ada ya watoto wake wawili ilikuwa katika fedha hizo. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Niandikie rufani." Nikashika kalamu upesi, kumbe sijui lo lote! Wakili tuliyemwendea ndiye aliyenifunza haya, nami nawapa wasomaji, maana jambo hili laweza kumpata mtu ye yote.

Sheria yenyewe ni ile ya Kenya ya mwaka 2009 juu ya mapato ya uhalifu. Idara ya serikali yaweza kwenda Mahakama Kuu peke yake, mwenye mali asijue, ikaomba mali izuiwe. Sababu ya siri hiyo ni dhahiri: mwizi akipata habari leo, kesho fedha hazipo. Si lazima mtu awe amekwisha hukumiwa. Yatosha pawe na sababu nzuri za kuamini kwamba mali yatokana na uhalifu au yatumika kwa uhalifu. Kisha tangazo hutiwa katika Gazeti la Serikali, na amri hudumu siku 90 tangu tangazo hilo. Lakini kama shauri la kutaka mali iwe ya serikali kabisa limekwisha fikishwa mahakamani, amri huendelea.

Mimi nilitaka kukimbilia Mahakama ya Rufani. Wakili akacheka, akasema, "Jaji amesikia upande mmoja tu. Mrudieni kwanza, asikie na wa pili." Mtu aliyeguswa na amri aweza kuomba ibadilishwe au iondolewe. Yampasa aonyeshe kwamba inamnyima riziki na kumtaabisha kupita kiasi. Tena kwamba taabu hiyo yazidi hatari ya mali kufichwa au kupotezwa. Na mtu aliyepata mali kwa njia halali na kwa bei ya haki, bila kujua wala kuwa na sababu ya kushuku, aweza kuomba fungu lake lisichukuliwe. Basi karatasi za mauzo ya lori zilikuwa na nguvu kuliko maneno yangu matamu.

Jaji akikataa, ndipo rufani. Taarifa yake hupelekwa katika siku 14 tangu uamuzi, na majalada ya rufani katika siku 60 baada ya taarifa. Lakini rufani peke yake haifungui benki. Anayetaka amri isimamishwe huku akingoja lazima aombe hilo kando, awaonyeshe majaji kwamba rufani yake ina hoja ya kusikilizwa, na kwamba wasipoisimamisha, hata akishinda itakuwa bure.

Baba mdogo alirudi kwa jaji na hati zake. Aliruhusiwa kutoa fedha za chakula na ada. Zilizobaki zingali zimefungwa mpaka shauri liishe. Watoto wamerudi shuleni. Nasi wenzangu, tukiuza hata baiskeli, tuandike hati, tutie sahihi, tuiweke mahali pema.