Ruaha Mdogo: Mto wa Mjini Wenye Majirani wa Mbali

Mto Ruaha Mdogo ni tawimto la Ruaha Mkuu, na ndio unaopita chini ya kilima ulikojengwa mji wa Iringa, huko Ipogolo, mahali ambapo barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwa kupitia Ilula hufika njia panda ya kupandia mjini. Ingawa wakazi wa Iringa huuona kuwa mto wa mji wao, safari yake huanza mbali kusini na huishia mbali kaskazini, hivyo hali yake haiwezi kueleweka kwa kutazama kipande kinachoonekana darajani peke yake.

Maji yake hukusanyika katika nyanda za juu za Mufindi, ambako mvua, inayonyesha kwa msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Eneo lote ambalo mvua yake huteremkia mto mmoja huitwa kidakio, na kidakio cha juu cha Ruaha Mdogo kina mabonde yenye unyevu ambayo udongo wake hunywa maji wakati wa masika na kuyaachia polepole kiangazi, jambo linaloufanya mto utiririke hata miezi isiyo na mvua. Katika mabonde hayo wakulima hulima vinyungu, yaani bustani za mahindi, maharage na mboga zinazotegemea unyevu wa ardhini. Kilimo hicho kimelisha familia nyingi za Iringa, lakini mifereji ya kukausha bonde inapochimbwa kupita kiasi, maji huondoka mapema na mto hukosa akiba yake ya kiangazi.

Mto unapofikia Iringa, iliyo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huwa chanzo kikuu cha maji ya mji, kwa kuwa mamlaka ya maji huyachota na kuyasafisha huko Ndiuka kabla ya kuyasukuma kwenda majumbani. Ukarimu huu wa mto si wa leo: Kalenga, makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yaliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894, ilijengwa kandokando ya mto huohuo.

Baada ya kuuacha mji, Ruaha Mdogo huteremka kuelekea kaskazini-magharibi hadi tambarare kavu za Pawaga, ambako mvua ni haba na kilimo cha mpunga hutegemea skimu za umwagiliaji, yaani mifereji inayochepusha maji ya mto kuyapeleka mashambani. Maji yanayobaki hujiunga na Ruaha Mkuu, na yote kwa pamoja huingia bwawa la Mtera, lililokamilika 1980, ambalo likijaa uso wake huwa karibu mita 698 juu ya usawa wa bahari. Mtera huzalisha megawati 80 za umeme na kuyahifadhi maji kwa ajili ya bwawa la Kidatu lililo chini zaidi mtoni, lenye megawati 204.

Uzito wa mchango wa Ruaha Mdogo huonekana zaidi inapokumbukwa kwamba tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, na kwamba makutano ya mito hiyo miwili yako chini zaidi mtoni, baada ya hifadhi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, hutoa vibali vya kutumia maji ya mto huo. Kwingineko ulinzi huenda mbali zaidi: huko Australia, jiji la Melbourne limefunga sehemu kubwa ya misitu ya juu ya Mto Yarra ili kulinda maji ya wakazi wake. Mufindi, yenye watu na mashamba, haiwezi kufungwa hivyo. Kwa hiyo ulinzi wa Ruaha Mdogo unategemea mapatano kati ya mkulima wa kinyungu, mkazi wa Ipogolo na mkulima wa mpunga wa Pawaga. Iringa, ambayo hudai maji safi kutoka kwa walio juu, inawajibika kwa kiasi hichohicho kwa walio chini, na takataka inayotupwa Ipogolo ni deni ambalo mji unawabebesha majirani wasioonana nao.