Sumu Anayojipikia Bakteria

Isoniazidi imewatibu wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1952. Kwa miongo minne madaktari waliiandikia wagonjwa bila mtu kujua barabara inamuuaje bakteria. Inaponya, hilo lilitosha.

Mwaka 1995 James Sacchettini na wenzake, huko New York, walichapisha umbo la InhA, kimeng'enya cha bakteria huyo kinacholengwa na dawa hiyo. Protini ni ndogo mno, hadubini ya mwanga haiioni. Wataalamu huikuza kwanza iwe fuwele, ambamo molekuli zake hujipanga safu kwa safu, kisha huipiga eksirei. Mionzi hutawanyika na kuacha madoa, na hesabu za madoa hayo huonyesha atomi zimekaa wapi. Shida kubwa huwa mwanzoni kabisa: fuwele hizi mara nyingi ni ndogo kuliko chembe ya chumvi, na protini nyingi hugoma katakata kuziunda.

InhA husaidia kurefusha minyororo ya mafuta inayoishia kuwa nta nzito kwenye ukuta wa bakteria. Akiikosa nta hiyo, hafiki mbali. Kazi hiyo inahitaji molekuli saidizi, NADH, inayokaa ndani ya tundu la kimeng'enya.

Fuwele ya mwaka 1998 ndiyo iliyofichua mambo. Tundu halikuwa na isoniazidi nzima. Kulikuwa na kipande chake kilichoungana na NADH, viwili vikawa kitu kimoja kilichoziba nafasi. Tangu 1992 ilijulikana kwamba dawa hii haina makali mpaka kimeng'enya kingine cha bakteria, KatG, kiiamshe. Sasa ikaonekana sumu hiyo inakwenda kukaa wapi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Usugu nao ukaeleweka. Bakteria hana haja ya kuigusa InhA. KatG ikibadilika kidogo, hasa kwenye asidi amino ya 315, dawa haiamshwi tena. Wengine huzalisha InhA nyingi kuliko dawa inavyoweza kuzima, ila usugu huo kwa kawaida ni hafifu, na dozi kubwa zaidi huenda bado ikafaa. Kwa hiyo vipimo vya vinasaba hukagua sehemu zote mbili. Wakemia nao wanasaka molekuli zitakazoziba tundu la InhA moja kwa moja, bila kupitia KatG.