Jenetikia ya mwani pori wa Tanzania

Jenetikia ya mwani pori wa Tanzania ni utafiti wa namna vinasaba vinavyotofautiana kati ya mwani unaoota wenyewe katika sehemu mbalimbali za pwani ya Tanzania Bara na visiwa vya Zanzibar. Utafiti huo umeonyesha kwamba mwani wa kigeni uliotoka mashambani umeenea porini na kuchukua nafasi ya ule wa asili, ingawa kwa macho ni vigumu kuutofautisha.

Aina na makazi

Mwani mkubwa wa kahawia unaofanya misitu chini ya bahari za baridi hauoti katika maji ya joto ya Tanzania. Unaojulikana zaidi hapa ni mwani mwekundu wa jenasi Eucheuma na Kappaphycus. Wakulima huita aina mbili kuu spinosum (Eucheuma denticulatum) na cottonii (Kappaphycus alvarezii). Zote hutoa karagenani, ute unaotumika kuzitisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi.

Mwani huu hupenda maji safi, ya kina kifupi na yenye chumvi ya kutosha. Kwa hiyo haustawi kwenye midomo ya mito. Mfano ni Mto Ruvu, ambao hupokea maji ya Mto Ngerengere kutoka Milima ya Uluguru na kuyamwaga baharini karibu na Bagamoyo pamoja na tope lake.

Historia

Zamani watu wa pwani waliokota mwani pori na kuuza nje ya nchi. Tangu miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihimiza kilimo chake. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino.

"Mbegu" hizo ni vipande vya mwani vinavyofungwa kwenye kamba. Baada ya mavuno, mkulima hukata vipande vingine na kuvipanda tena. Kila kipande hubeba vinasaba vilevile vya mmea uliokatwa, hivyo shamba zima laweza kuwa nakala za mimea michache tu. Mawimbi nayo hukata matawi na kuyapeleka mbali, na baadhi yake hushika na kuota upya.

Matokeo ya utafiti

Wanasayansi walilinganisha vinasaba vya mitokondria vya mwani wa mashambani na wa porini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwani wa mashambani una asili ya Asia na kwamba tofauti zake za kijenetikia ni ndogo sana. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulikuta kwamba spinosum wa asili ya Asia ndio uliotawala porini, hata mahali ambapo hapajawahi kulimwa mwani. Ule wa asili ya Afrika Mashariki ulipatikana kwa uchache.

Umuhimu

Wakulima wengi wa mwani Zanzibar ni wanawake. Cottonii, ambao bei yake ni kubwa kuliko ya spinosum, umekuwa ukifa katika maeneo mengi, hasa maji yanapopata joto kupita kiasi. Matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Mimea inayofanana kwa vinasaba hudhurika kwa namna moja, kwa hiyo pigo moja laweza kuharibu mashamba mengi.

Mwani wa asili umeishi katika pwani hii kwa muda mrefu, na unaweza kuwa na sifa zinazohitajika kupata mbegu zinazostahimili zaidi. Ukitoweka, sifa hizo hazitarudi. Kwa sababu hiyo hifadhi yake huanza kwa kupima vinasaba ili kujua ni wapi bado upo, na kwa kutoanzisha mashamba ya mbegu za kigeni karibu na maeneo hayo.