Je, Wajua? Rakuni, Mnyama Anayeona kwa Vidole

Je, wajua kwamba rakuni anaweza kumtafuta kamba wa mtoni usiku, mikono ikipapasa chini ya maji huku macho yakitazama kwingine kabisa? Watoto wengi wanamjua kwa ule weusi wa machoni na mkia wa mapete. Leo tazameni mikono yake. Hapo ndipo penye maajabu.

Je, wajua kwao ni wapi? Ni Amerika ya Kaskazini na ya Kati, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Panama. Anapenda misitu iliyo karibu na mito na mabwawa. Rakuni mkubwa huwa na uzito wa kilo 4 hadi 9 hivi, na anapokaribia majira ya baridi hunenepa sana.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki tuna mnyama wa usiku anayefanana naye? Ni fungo. Naye ana weusi machoni na mkia wenye mistari. Lakini hawana undugu wa karibu: fungo yuko upande wa paka, rakuni yuko upande wa mbwa na dubu. Mwaka 1758 mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, alimworodhesha rakuni miongoni mwa dubu. Baadaye akatengewa ukoo wake.

Sasa mikono. Kila mmoja una vidole vitano virefu, vyembamba. Rakuni hana kidole gumba kama chetu, kile kinachogeuka na kukutana na vingine, kwa hiyo hushika vitu kwa mikono miwili. Ngozi ya viganja vyake imejaa mishipa ya fahamu, na juu ya kucha kuna vinywele vinavyohisi kitu hata kabla vidole havijakigusa. Ndani ya ubongo wake, ile sehemu inayopokea habari za mguso imetenga nafasi kubwa mno kwa ajili ya mikono hiyo. Ngozi ikilowa, inahisi zaidi.

Je, wajua kwamba rakuni haoshi chakula? Watu waliomfuga walimwona akichovya kila kitu majini na kukisugua, wakasema ni mnyama msafi. Sivyo. Porini huwinda kwa kupapasa kingo za maji, na anapofungiwa bandani huendelea kufanya vivyo hivyo kwa chakula alichopewa. Anakikagua kwa vidole.

Je, wajua kwamba vidole hivyo hufungua makomeo? Mwaka 1908 mtafiti wa Marekani, H. B. Davis, aliwapa rakuni vifungio 13 vigumu. Walifungua 11, kila kimoja kwa majaribio yasiyofika 10. Jiji la Toronto nchini Kanada nalo lilianza mwaka 2016 kugawa mapipa mapya ya mabaki ya chakula, yenye kifuniko cha kujifunga, ili kuwazuia. Wengi walishindwa. Wachache walijifunza kuyafungua.

Je, wajua kwamba rakuni hushuka mtini kichwa kikiwa chini? Huzungusha nyayo za nyuma mpaka zikaelekea nyuma, kisha hushikilia gome kwa kucha. Na kupanda? Juni 2018, huko St. Paul, Minnesota, rakuni mmoja alipanda ukuta wa jengo lenye ghorofa zaidi ya 20 huku watu wa nchi nyingi wakimfuatilia. Alifika juu salama, akanaswa kwa mtego wenye chakula cha paka, akarudishwa porini.

Je, wajua kwamba rakuni amewahi kuishi Ikulu ya Marekani? Mwaka 1926 Rais Calvin Coolidge aliletewa mmoja kutoka Mississippi ili awe kitoweo cha sikukuu ya Shukrani. Familia ilikataa kumla. Wakampa jina Rebecca na kumtembeza kwa kamba.

Lakini kumfuga si jambo la kuiga. Mwaka 1977 katuni ya rakuni iitwayo Rascal ilipendwa mno Japani, na familia nyingi zikanunua watoto wa rakuni. Walipokua wakaanza kuuma na kuharibu nyumba. Wengine walitoroka, wengine waliachiwa, na leo vizazi vyao vinakula mazao na kuharibu hata mahekalu ya kale. Ujerumani nako, jozi mbili tu ziliachiliwa mwaka 1934 karibu na ziwa la Edersee. Sasa wameenea sehemu kubwa ya nchi. Tena rakuni anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Ukimkuta popote, mtazame kwa mbali.

Kazi ya mikono: barakoa ya rakuni

Tafuta kipande cha boksi, penseli, mkasi, magazeti ya zamani, kamba nyembamba au lastiki, na gundi. Kama hakuna gundi, uji mzito wa unga wa ngano uliopoa unatosha.

Chora uso mpana wenye masikio mawili ya mviringo, kisha ukate. Mkubwa akusaidie mahali boksi lilipo gumu. Chana vipande vyeusi vya gazeti na uvibandike kuzunguka macho, halafu vipande vyeupe juu yake kama nyusi na pembeni mwa pua. Chora macho, lakini usiyatoboe. Barakoa hii ni ya kuzuia kuona. Ikikauka, toboa tundu kila upande ufunge kamba. Mkia? Soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kufungwa mapete meusi.

Aliyevaa barakoa aketi, asitembee. Wengine waweke vitu sita ndani ya beseni bila maji: kijiko, jiwe, kifuu, kokwa ya embe, kizibo, ukwaju. Avitambue kwa vidole, kimoja kimoja. Kisha mbadilishe vitu, mtie maji, mrudie. Andikeni kwenye daftari kila mtu alipata vingapi mikono ikiwa mikavu na vingapi ikiwa imelowa, halafu mlinganishe.