Kiwanja cha Kwanza: Tununue Wapi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Walimu, tafadhali hakikisheni kila mwanafunzi ana daftari na kalamu. Leo tutazungumza, kisha tutapiga hesabu.

Somo letu lahusu jambo ambalo wengi wenu mmelitia moyoni kwa miaka mingi, nalo ni kupata mahali penu wenyewe pa kuishi. Aliyepanga chumba mjini Dar es Salaam ajua taabu yake. Mwenye nyumba ataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, pengine ya mwaka mzima. Mtoto akilia usiku, jirani agonga ukuta. Basi mtu huanza kudunduliza, shilingi kwa shilingi, ili apate kwake.

Wengi wetu hatununui nyumba iliyokwisha kujengwa. Twanunua kiwanja, kisha twajenga chumba kimoja kimoja kadiri ya uwezo. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya kiwanja. Swali la leo ni hili: fedha nimekwisha kuzipata, je, ninunue wapi? Hapo ndipo watu wengi huponzwa. Mtu hukusanya fedha kwa miaka 10, akazitoa kwa siku moja bila kuuliza.

Tuchukue mfano. Bei na nauli nitakazotaja ni za kufundishia tu. Ninyi mtaweka za kwenu.

Yupo fundi seremala afanyaye kazi Keko, mahali panapojulikana kwa vitanda na makabati. Mkewe ni mama lishe, apika na kuuza chakula papo hapo Keko. Wana watoto wawili, nao wamepanga chumba kimoja. Wameweka akiba ya shilingi milioni 6. Dalali amewaonyesha viwanja vitatu, vyote vyatosha nyumba ya vyumba vitatu.

Kiwanja cha kwanza kiko bondeni, karibu sana na kazini. Bei yake ni milioni 2 na nusu. Cha pili kiko mbali, upande wa Chanika. Bei yake ni milioni 3. Cha tatu kiko upande wa Mbagala. Bei yake ni milioni 5 na nusu.

Mwalimu, simamisha kidogo. Waulize wanafunzi: ninyi mngechagua kipi? Andikeni jibu lenu daftarini, wala msilifute. Mwisho wa somo tutalitazama tena.

KIWANJA CHA BONDENI

Fundi alipendezwa na kile cha bondeni. Kilikuwa rahisi, na karibu. Ulikuwa mwezi wa Septemba, ardhi kavu, migomba mizuri ya kijani kando ya kijito. Dalali akamwambia, "Bwana fundi, kesho yuko mtu mwingine anakuja na fedha mkononi. Lipa leo."

Mkewe hakubali haraka. Alikwenda peke yake siku ya pili, asubuhi, bila dalali. Akamkuta bibi mmoja anafagia uwanja wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Bibi, twataka kununua hapo mbele. Pakoje hapa wakati wa masika?"

Bibi hakujibu. Alimshika mkono akamwonyesha ukuta wa nyumba yake. Juu ya magoti palikuwa na mstari wa rangi ya udongo, kuzunguka nyumba yote.

"Maji yalifika hapo," akasema. "Kitanda changu nimekipandisha juu ya matofali. Mimi sina pa kwenda. Wewe bado una fedha zako mkononi, mwanangu."

Tazameni, wasikilizaji. Swali moja, kwa mtu asiyepata kitu katika mauzo hayo, lilimfundisha kuliko maneno yote ya dalali.

Tena ardhi yenyewe husema, kama mtu ajua kuitazama. Matete na migomba inayostawi bila kumwagiliwa ni dalili ya maji yaliyo karibu. Kuta zilizomomonyoka chini, milango iliyojengewa kizingiti kirefu, na mifuko ya mchanga iliyopangwa mlangoni, hizo nazo ni dalili. Kiwanja yafaa kitazamwe mara mbili: siku ya jua na siku ya mvua. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli huja kuanzia Oktoba hadi Desemba. Akiba ya miaka 10 yaweza kungoja miezi mitatu.

Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau Desemba ya mwaka 2011. Mto Msimbazi, utokao upande wa vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander, ulifurika. Watu walikufa, na maelfu walipoteza makazi katika Bonde la Msimbazi, Jangwani na kwingineko. Baadaye Serikali iliwapa wengi wao viwanja Mabwepande, upande wa Bunju, mbali na kazi walizozizoea. Walikuwa wamenunua mahali pa karibu, na mwisho wake wakapelekwa mbali.

Sheria nayo inasema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au pwani. Mita 60 ni kama hatua ndefu 60 za mtu mzima. Nendeni mkazipige. Ikiwa hatua zako hazikufika 60 kabla ya kufika kijitoni, rudi nyumbani na fedha zako.

KIWANJA KANDO YA BARABARA

Kuna jirani mwingine wa kupimwa kwa hatua, naye ni barabara kuu. Mtu huona, "Hapa pana biashara, hapa pana magari," akajenga ukingoni. Kila barabara kuu ina eneo lake la hifadhi. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, eneo hilo kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 60 kwa upana, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Mahali pengine ni zaidi ya hapo. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, ili barabara ipanuliwe. Zilikuwamo nyumba nzuri za matofali, zenye umeme na maji. Uzuri wa nyumba haukuziokoa.

Kwa hiyo ukiona barabara, nguzo kubwa za umeme, au reli, uliza ofisi ya serikali inayohusika: hifadhi yake yaishia wapi? Wala usiridhike na neno la "Sisi tuko hapa siku nyingi."

HESABU YA NAULI

Haya, chukueni kalamu. Sasa fundi wetu ameacha bondeni, amebakiwa na viwanja viwili. Yeye asema, "Tuchukue cha Chanika. Milioni 3 tu! Zitabaki milioni 3 za matofali." Maneno yake yana akili. Lakini mkewe asema, "Tupige hesabu ya nauli kwanza."

Kutoka Chanika hadi Keko, tuseme ni magari mawili: moja shilingi 800, la pili 700. Jumla ni 1,500 kwenda, na 1,500 kurudi. Ni 3,000 kwa siku. Kazi ni siku 26 kwa mwezi. Zidisheni: 3,000 mara 26 ni 78,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 936,000.

Kutoka upande wa Mbagala, tuseme ni gari moja, shilingi 700. Kwenda na kurudi ni 1,400. Mara siku 26 ni 36,400. Kwa miezi 12 ni shilingi 436,800.

Sasa toeni: 936,000 toa 436,800. Inabaki 499,200. Hiyo ndiyo tofauti ya nauli kwa mwaka mmoja, kwa mtu mmoja.

Tofauti ya bei ya viwanja ni milioni 2 na nusu. Mara tano ya 499,200 ni 2,496,000. Maana yake, baada ya miaka 5, fundi peke yake atakuwa amelipa tofauti yote kwa kondakta. Lakini mkewe naye hupanda gari kila siku. Kwa watu wawili, miaka 5 yawa miaka 2 na nusu. Baada ya hapo kiwanja cha rahisi ndicho kiwanja cha ghali, na nyumba hukaliwa miaka 30.

Bado hatujahesabu saa. Anayetoka nyumbani saa 10 za usiku ili awahi kazini, na kurudi saa 3 usiku, watoto wake wamwona Jumapili tu.

Sisemi kwamba Chanika ni mahali pabaya. Kwa mtu mwenye kazi yake huko huko, au mwenye kufuga kuku na kulima bustani, hesabu itageuka kabisa. Nasema kila mtu apige hesabu yake mwenyewe, kutoka mlango wa kiwanja hadi mlango wa kazi. Kadhalika aulize maji yako wapi na ndoo ni bei gani, nguzo ya umeme ya mwisho iko wapi, shule na zahanati ziko umbali gani.

KARATASI

Sasa nawaomba msikilize kwa makini. Mwaka juzi nilitembelea darasa moja la jioni. Mama mmoja alikuwa amejifunza kusoma kwa miezi 4. Akafungua mfuko wa nailoni akatoa karatasi ya kiwanja chake, aliyoitia dole gumba zaidi ya miaka 10 iliyopita. Akaisoma mwenyewe, taratibu, kwa kidole. Karatasi ilisema kwamba muuzaji "amemuuzia sehemu ya shamba lake." Basi. Haikutaja urefu wala upana. Haikutaja majirani. Muuzaji alikwisha kufa, na warithi wake walikuwa wakisogeza mpaka mwaka hata mwaka. Jiko la mama yule lilikuwa tayari upande wa pili.

Ndiyo maana somo la kiwanja na somo la kusoma ni somo moja.

Katika nchi yetu, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachonunua ni haki ya kuitumia, pamoja na kilichojengwa au kupandwa juu yake. Ushahidi wa haki hiyo hautoshani. Hati hutolewa kwa kiwanja kilichopimwa, kwa miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi hutolewa katika baadhi ya mitaa ya mijini ambayo haijapimwa, kwa muda mfupi. Karatasi iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana. Hiyo si hati, ingawa wengi huiita hivyo.

Muuzaji akikuonyesha hati, usitosheke kuiona. Nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili wa Hati, ulipe ada, utazamiwe daftarini: ni ya nani, ina deni la benki, ina kesi? Uliza pia kama kodi ya ardhi imelipwa.

Mkataba lazima uwe wa maandishi. Sheria ya Ardhi haitambui mauzo ya mdomo. Uandikwe vipimo, na majirani wa pande zote nne kwa majina. Na kama palipouzwa ni nyumba wanamoishi mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka wote wawili waridhie. Mume akiuza kwa siri, mnunuzi hununua kesi. Basi uliza, "Mama yuko wapi?" Naye aje atie sahihi.

WALICHAGUA NINI?

Fundi na mkewe walinunua kiwanja cha Mbagala. Gharama za ofisini na za wakili zilikula sehemu kubwa ya ile nusu milioni iliyobaki. Hawakuwa na fedha za tofali hata moja. Waliendelea kupanga kile chumba chao miaka miwili zaidi, na fundi alinung'unika mara nyingi. Sitawaficha hilo. Chaguo jema nalo lina gharama yake. Lakini mwaka wa tatu walianza kujenga, juu ya ardhi kavu, wala hapana aliyewauliza mpaka.

Sasa tazameni jibu mliloandika mwanzoni. Je, mngelibadili?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja dalili tatu zinazoonyesha kwamba maji hufika mahali wakati wa mvua.

2. Piga hesabu ya nauli yako ya mwaka mzima kutoka unapokaa hadi unapofanya kazi.

3. Kwa nini mke wa fundi alikwenda bondeni bila dalali?

4. Kuna tofauti gani kati ya hati na karatasi ya mauziano?

5. Kazi ya nyumbani: mwenye karatasi ya kiwanja na aisome mwenyewe. Je, vipimo vimo? Majirani wanne wamo? Kama hawamo, zungumza na mwalimu wako wiki hii, wakati muuzaji na mashahidi wangali hai.

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.