Kuongeza RAM ni kazi ya vidole

Kwa asiyeona anayeishi Haydom au Basotu, kompyuta mpakato ikianza kugugumia, fundi ni safari: Mbulu mjini, Katesh, pengine Babati. Na ikishalala dukani, hana namna ya kuchungulia kilichotolewa wala kilichorudishwa. Ndiyo maana naona kazi ya kuongeza RAM aifanye mwenyewe.

Kugugumia kwenyewe kuna sababu. Programu ya kusoma skrini nayo inakula RAM. Mashine ya GB 4 ikifunguliwa kurasa kadhaa za intaneti, sauti inakatika katikati ya neno. Kwa mtu ambaye sauti ndiyo skrini yake, hapo kompyuta imezimika ingawa taa inawaka. NVDA, programu ya aina hiyo inayotolewa bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni. Kiswahili inakisoma pia, ingawa kwa lafudhi ya kuchekesha.

Kabla ya kununua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc uingie sehemu ya kumbukumbu: NVDA itakusomea kasi ya RAM na nafasi zilizotumika. Mashine nyingine RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hizo ziache. Dukani, pitisha kidole kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu. Mkato wa RAM ya aina ya DDR4 uko karibu na katikati, wa DDR3 umesogea upande mmoja. Ukubwa na kasi haviguswi, viko kwenye lebo tu. Hapo simu yenye Lookout, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, inasaidia.

Nyumbani, zima mashine kabisa, chomoa chaji, fungua mfuniko, tenganisha betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo zipange kwenye trei ya mayai kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Mwezi wa saba Mbulu ni baridi na hewa kavu: vua sweta la sufu na uguse chuma kwanza, maana cheche usiyoisikia inaweza kuua RAM.

Vibanio viwili vya pembeni vikisukumwa nje, RAM ya zamani inainuka yenyewe. Mpya iingize kwa mshazari, mkato ukikutana na kijino cha tundu, hadi meno ya dhahabu yasiguseke tena. Ikandamize chini: vibanio vilie pande zote mbili. Hata fundi mwenye macho hapo hutega sikio.

Ugumu uko kwenye kuwasha. Kabla Windows haijaamka hakuna kinachosema, na hili ni la kuwalaumu watengenezaji. Subiri; mara ya kwanza inaweza kuchelewa. Sauti ikirudi, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, usikilize jumla ya RAM. Ikisoma ileile ya zamani, fungua tena. Mara nyingi kibanio kimoja hakikulia.